Klachi pleti haikuwa na kosa: kisa cha Hilux iliyoacha kukwaruza gia ikaanza kuteleza mlimani

Gari lenyewe ni Hilux pikapu ya dizeli ya mwaka 1987, klachi ya mafuta, yaani pedeli husukuma mafuta kwenye bomba badala ya kuvuta waya. Kazi yake ni kushusha viungo (hiliki, karafuu na pilipili manga) kutoka Amani, milimani, hadi Tanga mjini, kisha kupandisha unga, sukari na saruji. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa Muheza. Anayeliendesha ni kijana aliyemwajiri, dereva mzuri asiyelaza gari, ila anaendesha na ndala mvua na jua.

Lililetwa gereji kwetu Makorora likiwa tayari limeshahukumiwa. Gereji mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba klachi pleti, ile sahani inayobanwa ili nguvu ya injini ifike kwenye gia, imekwisha: shusha gia boksi, nunua pleti, presha pleti inayoibana na beringi ya rilizi inayosukumwa ili iachie, maana ukishafungua usifunge cha zamani. Mama alikuwa anatafuta bei ya tatu tu, aone nani ana huruma. "Mimi nataka lipande mlima, mwanangu," alisema. "Hayo mengine ya kwenu."

Lalamiko la siku ile lilikuwa moja: kuteleza. Likitoka Tanga asubuhi ni zima. Likivuka Muheza bado zima. Likianza kupanda baada ya Zigi, kwenye zile kona za kwenda Amani, na mzigo nyuma, injini inapiga kelele na gari halisogei kwa kasi ya injini. Harufu ya kuungua inaingia ndani. Dereva akipumzika kando ya barabara kwa muda, akiondoka linapanda tena.

Nilimuuliza dereva kabla ya hapo lilikuwa linasumbua nini. Hilo ni swali ambalo mafundi wengi hatuulizi, kwa sababu mteja amekuja na ugonjwa wa leo. Akasema zamani tatizo lilikuwa kinyume: gia zilikuwa zinagoma kuingia. Namba moja inakwaruza, rivasi inalia mpaka watu sokoni Ngamiani wanageuka. Pedeli ilikuwa inashika chini kabisa karibu na sakafu. Gereji ya kwanza ikabadilisha masta ya klachi, silinda ya juu inayosukumwa na pedeli, haikusaidia. Ikabadilisha sleva, silinda ya chini inayopokea mafuta ya masta, ikasaidia kidogo. Mwisho fundi akaingia chini ya dashibodi na spana mbili, akatoka, gia zikawa zinaingia kama siagi. Wakashukuru, wakalipa. Kuteleza kulianza wiki chache baadaye, msimu wa joto.

Hapo ndipo niliposita kuhusu hukumu ya pleti. Pleti iliyokwisha huteleza, ni kweli, lakini haichagui saa. Huanza kuteleza likiwa na mzigo na gia ya juu, likiwa baridi hata likiwa moto, na hali huzidi kuwa mbaya kila wiki. Hii ilikuwa inateleza ikiwa moto tu na kupona ikipoa. Halafu kuna hilo la kwanza, la gia kugoma. Gia hugoma kwa sababu klachi haiachii. Kuteleza ni klachi kutoshika. Gari linalohama kutoka ugonjwa mmoja kwenda kinyume chake mara baada ya fundi kugusa kitu, mimi humwangalia kwanza yule aliyegusa.

Nilimwomba dereva alipitishe kwetu akitoka safari, lingali la moto, asilizime. Alipofika tuliweka mawe mbele na nyuma ya matairi, hendibreki juu, mguu kwenye breki, gia ya nne, eksileta kidogo, kisha akaachia klachi taratibu. Klachi nzima ikiachiliwa hivyo injini hufa palepale. Hii haikufa. Iliyumba, ikaendelea kuunguruma, na moshi mwembamba ukatoka chini. Jaribio hili lifanyike mara moja na lisirudiwerudiwe, kwa sababu lenyewe linachoma pleti unayotaka kuijua.

Kisha nikaingia chini upande wa sleva, nikaweka kopo, nikalegeza nipeli ya kutolea upepo. Hakuna aliyekanyaga pedeli. Mafuta yaliruka kwa nguvu, yakapiga ukingo wa kopo, kisha yakawa matone. Nikakaza. Tukarudia jaribio la gia ya nne, na injini ikafa kama imekatwa waya.

Kwa hiyo pleti ilikuwa inashika. Kilichokuwa kinaizuia ni mafuta yaliyobanwa ndani ya bomba huku pedeli ikiwa juu, mguu uko pembeni. Pale juu kwenye masta kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Pistoni ikirudi mpaka mwisho wake, kitundu kinakuwa wazi, na mafuta yakipanuka kwa joto yanapanda kwenye kikopo bila ubishi. Pistoni isiporudi mpaka mwisho, hata kwa milimita mbili tu, kitundu kinazibwa na raba yake. Sleva iko ubavuni mwa kengele ya gia boksi, jirani na joto la injini. Mafuta yakipata moto yanapanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma sleva, sleva inasukuma uma wa klachi, ule mkono unaosukuma beringi ya rilizi, na klachi inaanza kuachia yenyewe. Gari likisimama likapoa, mafuta yanasinyaa na klachi inashika tena. Ndiyo sababu dereva alikuwa akipumzika kando ya barabara anaweza kuendelea.

Pistoni haikurudi kwa sababu fimbo inayoisukuma ilikuwa imerefushwa kupita kiasi. Hiyo ndiyo kazi ya zile spana mbili chini ya dashibodi. Nilipoingia kuangalia, fimbo ilikuwa imefunguliwa mpaka nyuzi zilizobaki kushikana na kichwa chake cha uma zilikuwa chache za kutisha. Ukiishika fimbo kwa vidole viwili na kuitikisa mbele na nyuma, haikuwa na mchezo wowote, yaani nafasi ya kusogea bure. Vitabu vya Toyota vya magari ya aina hii hutaka fimbo iwe na mchezo mdogo, milimita 1 hadi 5 ukiupima juu ya pedeli kwa kidole, na mchezo wote wa pedeli uwe milimita 5 hadi 15. Hapa ulikuwa sifuri. Madereva wengi hupenda pedeli ya namna hiyo kwa sababu inashika mara tu ukiigusa. Ni raha ya gharama.

Nikairudisha fimbo mpaka ikapata mchezo wa milimita 1, nikafunga nati. Kuteleza kukaisha. Na rivasi ikaanza kulia.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi. Alisikia. "Kwa hiyo mmenirudisha nilikotoka?"

Ndiyo, mama, na huko ndiko tulikotaka kufika. Sasa ugonjwa wa kwanza ulikuwa wazi, haujafunikwa na dawa ya mtu.

Gari lisiloachia klachi lina sehemu chache za kutafuta, na zinafuatana kutoka kwenye unyayo wa dereva mpaka kwenye pleti. Pedeli na pini zake, masta, bomba, sleva, uma, beringi, presha pleti, pleti. Kinachoshangaza ni jinsi mafundi wanavyopenda kuanzia katikati. Masta na sleva vinauzwa kila duka la spea, vina boksi zuri, vinaonekana vipya. Pedeli haina boksi. Ila mtu aliyebadilisha masta ya gari hili ilibidi kwanza achomoe kotapini, kile kipini kidogo cha kufungia, achomoe pini inayounganisha pedeli na fimbo, aishike mkononi. Kisha akairudisha ileile. Nikiitazama ile pini bado siamini.

Kwanza majaribio ya haraka. Dereva akakanyaga pedeli na kuishikilia chini, injini ikiwa imewaka, gia ya kwanza ikiwa imeingia. Kama raba ya masta inapitisha mafuta, baada ya sekunde kadhaa gari huanza kunyemelea mbele au pedeli huzama taratibu. Haikuzama. Akaipiga pampu haraka haraka kisha akajaribu rivasi. Kama kuna upepo kwenye bomba, kupampu kunaleta nafuu. Hakukuleta. Kwa hiyo mafuta yalikuwa sawa na zile spea mbili mpya zilikuwa zima, jambo jema kwa mama kwa sababu alishazilipia.

Chini kwenye sleva niliweka rula ya chuma pembeni ya fimbo yake na alama ya chaki. Pedeli mpaka sakafuni: fimbo ilisogea milimita 12 na nusu. Masta ya gari hili imeandikwa kipenyo cha 5/8 na sleva 13/16, inchi zote. Ukipiga hesabu ya maeneo ya pistoni, sleva husogea takriban sehemu moja kwa kila sehemu 1.7 ambazo masta imesogea. Nikapima pedeli: kutoka bolti ya juu inayoishikilia hadi katikati ya raba ya kukanyagia ni milimita 275, kutoka bolti hiyo hadi kwenye pini ni 55. Uwiano wa 5 kwa 1. Unyayo ulikuwa na safari ya milimita 150 kama sakafu ingekuwa tupu, kwa hiyo pini ilipaswa kwenda 30. Toa 1 ya mchezo wa fimbo, toa nyingine 1 hivi kabla kitundu hakijazibwa, gawa kwa 1.7, unapata 16 na nusu. Sleva ilikuwa inadaiwa milimita 4. Kwenye klachi hizo ni nyingi.

Zilikuwa zinapotelea juu, kabla hazijafika kwenye mafuta.

Nililala chali chini ya usukani na tochi, kijana akakanyaga kwa mkono, polepole sana, nikaona vitu vitatu. Cha kwanza ni pini. Kotapini ilipotoka, pini ilianguka yenyewe. Ilipaswa kuwa milimita 10. Pembeni ilikuwa bado 9.8, katikati pale inaposugua mkono wa pedeli ilikuwa 8.6, imelika na kung'aa upande mmoja. Tundu la kwenye pedeli lilikuwa limegeuka yai la milimita 12.3. Matundu ya uma wa fimbo yalikuwa yamefika 10.6. Jumla ya ulegevu kwenye pini ilikaribia milimita 4 na nusu, na kwa unyayo hiyo ni zaidi ya sentimita 2.

Lakini hapa ndipo penye hoja. Ulegevu wa pini unaweza kuondolewa kwa kurefusha fimbo, kwa sababu pini husukumwa upande mmoja tu. Springi ya masta inairudisha fimbo nyuma, pini inaegemea uso uleule uliolika wa tundu, na kama fimbo imeongezwa urefu sawasawa na kilicholika, kazi inaendelea kama kawaida mpaka chuma kikatike. Fundi wa kwanza hakuwa mjinga kwenye hilo. Hata mimi nilipoirudisha fimbo kwenye mchezo wa milimita 1, bado ilikuwa ndefu kuliko ilivyotoka kiwandani, na ule uchakavu wa pini ulikuwa umeshafidiwa. Hata hivyo klachi haikuachia. Maana yake kuna safari nyingine inayopotea, ambayo haionekani ukiwa unarekebisha, inaonekana ukikanyaga tu.

Ilikuwa juu, kwenye bolti ya pedeli. Pedeli inaning'inia kwenye bolti kupitia bushi mbili za nailoni, vipete vya kuzuia chuma kisisuguane na chuma, zenye bomba dogo la chuma katikati. Bushi hazikuwepo. Vilibaki vipande viwili vya manjano vilivyokauka, vimeganda kwenye grisi nyeusi iliyokuwa ngumu kama lami kuukuu. Unene wa bushi ni milimita 2, kwa hiyo pedeli ilikuwa na milimita 4 za kutangatanga kuzunguka bolti yake. Ukiishika raba ya pedeli na kuivuta kushoto na kulia ilikuwa inagusa pedeli ya breki.

Sasa angalia kinachotokea mguu ukishuka. Unyayo unasukuma mbele. Fimbo ya masta, kwa nguvu mara tano ya unyayo, inaisukuma pedeli nyuma kumwelekea dereva. Kichwa cha pedeli juu kikiwa kimelegea hakiwezi kubaki mahali pake: kinarudi nyuma milimita zake 4, na wakati kinarudi, pini haisogei. Kila milimita 1 ya ulegevu pale juu inakula milimita 4 za unyayo. Kwa hiyo milimita 16 za safari ya mguu zilikwenda bure, na kwa vidole wakati wa kurekebisha huwezi kuzihisi kwa sababu hakuna mzigo. Niliziona kwa macho: tochi ikiwa juu ya bolti, dereva akikanyaga, kichwa cha pedeli kiliruka nyuma kikagota, ndipo fimbo ikaanza safari.

Na ukijaribu kufidia ulegevu huo kwa kurefusha fimbo, unaangukia kwenye ugonjwa wa pili. Ukiachia mguu, springi inavuta pedeli juu, lakini bolti iliyolegea haina sehemu moja ya kupumzika. Leo kichwa kimekaa nyuma, fimbo ina mchezo. Kesho kimekaa mbele, fimbo imebana, pistoni haijarudi, kitundu kimezibwa. Pedeli yenye bushi zilizokwisha haina marekebisho sahihi. Ama itakwaruza au itateleza, na wewe utachagua siku ya kukwama ni sokoni au mlimani.

Kitu cha tatu kilikuwa cha aibu kidogo, na dereva alicheka kabla yangu. Sakafuni palikuwa na mkeka wa raba wa gari, juu yake kipande cha zulia la nyumbani, kwa ajili ya mchanga na maji ya ndala. Pamoja vilikuwa milimita 18. Pedeli haikuwa inafika sakafuni, ilikuwa inafika kwenye zulia.

Tulipoondoa zulia na mkeka tu, kabla ya kugusa chuma, rivasi iliingia bila kulia. Nakiri palikuwa na kishawishi. Mama angelipa ya kurekebisha fimbo, angeondoka anafurahi, na zulia angelipeleka nyumbani. Kuna kipimo cha kujua kama inatosha. Gari lisimame, hendibreki, injini iungurume polepole, usikanyage klachi, sogeza gia taratibu kuelekea rivasi mpaka isikike inagusa. Kisha kanyaga polepole mpaka mlio ukatike, weka alama hapo, endelea mpaka mwisho. Kutoka alama hadi mwisho wa safari Toyota wanataka milimita 25 au zaidi. Rivasi hutumika kwa sababu haina shaba za kulainisha kama gia za mbele, haijui kuficha. Yetu ilikuwa 14. Inaingia, lakini klachi inaachia ukingoni mwa sakafu, na pedeli bado inacheza juu. Tukaendelea.

Kutoa pedeli kulitaka subira kuliko nguvu. Waya wa betri kwanza, maana swichi ya taa za breki iko jirani na mikono inapita kwenye nyaya. Springi ya kurudishia itolewe kabla ya bolti, kwa ndoano, uso ukiwa pembeni. Bolti ya juu ilikuwa imeganda na lile bomba lake kwa kutu. Magari ya pwani kutu yake haianzii chini peke yake. Hewa ya chumvi inaingia kwenye kibanda, na dereva anayepanda na miguu mibichi kila siku anaiongezea maji. Tuliimwagia mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha usiku kucha, asubuhi ikazunguka. Tulipoipeleka pedeli mezani tukakagua pia ukuta wa injini pale masta inapofungwa na bati linaloshika pedeli. Magari ya umri huu hupasuka hapo, na ukuta unaojikunja ni safari nyingine inayopotea mguu ukikanyaga. Hili halikuwa na ufa.

Pedeli ilikwenda kwa fundi wa kuchonga vyuma, mzee aliyeanza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Tanga ina bahati hiyo. Mashamba yale yalijitengenezea vipuri vyao, na watu waliofundishwa humo bado wana mkono ambao duka la spea haliuzi. Nilikuwa nimemwambia atoboe tundu la yai liwe milimita 14 na kuingiza bushi. Akanikatalia.

"Ukitoboa hapo msumari wa drili unafuata palipolika. Tundu lako litahama, na pedeli si ileile tena."

Alikuwa sahihi. Tundu hulika upande mmoja tu, kwa hiyo upande wa pili bado ni wa kiwandani. Alipima milimita 5 kutoka kwenye ukingo ule mzima, akachora msalaba wa kati ya zamani kwa sindano, akauongeza mistari nje mpaka kwenye chuma kisichoguswa ili asiupoteze. Ndipo akalijaza tundu lote kwa weldingi, akalisaga sawa na mkono wa pedeli, akaurudisha msalaba kwa kuunganisha mistari yake, akapiga alama ya nukta, akatoboa 6, kisha 14. Akachonga bushi ya chuma yenye upana wa milimita 16, wakati mkono wa pedeli wenyewe ni 8. Aliipigilia, akaishika kwa weldingi ndogo pande zote, na tundu la ndani akalimalizia mwisho kabisa, kwa sababu joto la weldingi hubana. Bushi pana inajaza nafasi kati ya masikio ya uma, na pini inasugua kwenye eneo mara mbili ya lile la awali.

Pini na uma wa fimbo vilikuwa vipya vya dukani. Kuna mafundi wanaoweka bolti badala ya pini. Inawezekana kama sehemu inayosugua ni laini na nyuzi ziko nje ya masikio. Bolti yenye nyuzi ndani ya tundu ni tupa, itamaliza bushi upesi.

Bushi za juu zilitusumbua. Duka la kwanza lilikuwa na zinazofanana kwa macho, tukazijaribu kwenye bomba lake: zinacheza zikiwa mpya. Mzee akachonga nyingine kutoka kwenye fimbo ya nailoni, akaacha nafasi ya milimita 0.2 kwa bomba kuzunguka. Nilidhani amelegeza mno. Akasema nailoni hunywa unyevu na kuvimba, na hapa pwani unyevu ni mwaka mzima. Ukiibana kavu itakuja kushika yenyewe na pedeli haitarudi. Bomba la chuma likasuguliwa kutu, grisi ikapakwa kote, na raba mpya ya kukanyagia ikafungwa, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imelainika kama kigae na ndala zilikuwa zinateleza juu yake.

Kurudisha kulikuwa kwepesi. Kwa kuwa tundu na pini sasa ni vipya, fimbo ililazimika kufupishwa sana, na nyuzi zikaingia ndani ya uma kama inavyotakiwa. Kimo cha pedeli tulikiweka kwanza kwa bolti ya kizuizi cha juu, kisha mchezo wa fimbo milimita 1, ambao kwa unyayo ni 5. Mpangilio huo usigeuzwe: ukirekebisha fimbo kwanza kisha ukagusa kimo, umeharibu vyote viwili. Tukabadilisha na mafuta yote, ya breki aina ya DOT 3, tukatoa upepo, maana yaliyokuwamo yalikuwa ya kahawia. Rangi ya bodi ilifunikwa kwa kitambaa kwanza. Mafuta ya breki hubambua rangi.

Rula kwenye sleva: milimita 16 na nusu. Kipimo cha rivasi: 30. Likaendeshwa barabarani mpaka likapata moto, likarudi, gia ya nne, injini ikafa. Nipeli ikalegezwa likiwa la moto, na safari hii mafuta yalitoka tone tone, hayakuruka.

Bei yote, pamoja na kazi ya mzee na mafuta, haikufika robo ya ile waliyotajiwa kwa kushusha gia boksi. Mama alitaka kujua kama zile pesa za masta na sleva zinaweza kurudi. Hilo nilimwachia yeye na waliomuuzia. Masta ya zamani sikuiona, huenda kweli ilikuwa inavuja.

Kuna jambo moja ambalo hatukulimaliza, na tuliliandika kwenye risiti. Kwa muda wote fimbo ilipokuwa imebana, beringi ya rilizi ilikuwa imeegemea presha pleti bila kupumzika, na sasa ukikanyaga klachi injini ikiwa baridi inalia mlio mwembamba. Pleti nayo imeonja moto. Inashika, na siwezi kujua imebaki unene gani bila kufungua. Tumekubaliana gari lifanye kazi msimu huu wa karafuu, na dereva aichunguze ile kotapini kila akimwaga oili. Mlio ukianza kusikika hata likiwa la moto, gia boksi itashushwa.